Kabla hujamfukuza yule nyuki mweusi

Mwaka wa kwanza mipasheni yangu ya manjano, minane, ilitambaa hadi juu ya banda la kuku hapa Muheza, ikatoa maua mpaka majirani wakawa wanakuja kutazama. Msimu mzima nilivuna matunda 11.

Miezi michache kabla nilikuwa nimewapulizia dawa wale nyuki wakubwa weusi waliokuwa wakitoboa boriti za banda, unga wa mbao ukinidondokea kwenye uji. Haikunijia kabisa kwamba hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku moja nikakaa na chai nikalitazama ua. Lilifunguka mnamo saa sita mchana, na usiku likajifunga moja kwa moja. Nyuki wa asali walikuja tele, wakachota chavua, wakaenda zao. Ni wadogo: hupita chini bila hata kugusa vile vichwa vitatu vya kike vinavyopokea chavua. Ua hili lilijijenga huko Amerika ya Kusini, vizazi kwa vizazi, kwa kipimo cha mgongo mpana wa nyuki wakubwa wa huko. Harufu na nyuzi za zambarau humwita mgeni katikati. Mbochi, ule utamu wa ua, imefichwa chini, imefunikwa, inataka mdomo wenye nguvu. Akiinama kunywa, vifuko vitano vya chavua vinavyoning'inia juu humsugua mgongo, naye huenda kuipaka kwenye ua la pili. Mimea iliyowapata wabebaji wa namna hiyo ndiyo iliyoacha mbegu nyingi zaidi, na mipasheni yetu ni wajukuu zake. Nyuki wetu weusi si wale wa Brazili, ila kimo kinatosha, na ua haliulizi pasipoti.

Kosa la pili: miche sita niliikata kwenye mmea mmoja. Pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe, wala ya pacha wake. (Ile ya zambarau haina maringo hayo.) Kwa hiyo panda miche ya mbegu, au changanya vipandikizi vya mimea tofauti. Dawa, kama huna budi, piga usiku maua yakishajifunga. Nyuki wakiwa haba, saa nane mchana pita na kidole: chota chavua ya mmea huu, paka vichwa vya kike vya ule. Kazi ya kuchosha, lakini siku hiyo hiyo tu. Kesho ua limenyauka.

Mimi nimewaning'inizia magogo makavu pembeni mwa banda. Wameyakubali, ingawa boriti hawajaziacha. Uji nanywea upande wa pili.