Cheti umeweka, mbona seva haikujui?

Juzi msomaji aliniandikia: "Kaka, cheti cha TLS nimekiweka kwenye kodi (msimbo) ya programu, muunganisho umekubali, lakini ldapwhoami bado inajibu anonymous. Nimekosea wapi?" ldapwhoami ni amri ya kuiuliza seva inakutambua kama nani; anonymous maana yake haikujui. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, maana hapo alipo nimepita.

Nilikuwa naunganisha programu ya Python na seva ya saraka ya OpenLDAP, bandari 389 kwa StartTLS, yaani muunganisho unaanza wazi kisha unageuzwa kuwa wa siri kwa TLS. Nikajaza OPT_X_TLS_CERTFILE (faili la cheti) na OPT_X_TLS_KEYFILE (faili la ufunguo wake), nikahakiki njia za mafaili hadi macho yakauma. Seva ikawa inakata tu. Mkubwa wangu akatamka mbele ya wenzangu kwamba kazi imenizidi. Kampuni siitaji jina, ila maneno yale hayajanitoka. Usiku wa tatu ndipo nikaliona: kwenye python-ldap, maktaba ya Python niliyotumia, mipangilio ya TLS uliyoiweka kwenye muunganisho haishiki mpaka umalizie na OPT_X_TLS_NEWCTX, thamani 0. Mstari mmoja, na lazima uwe wa mwisho. Nikauongeza, ikapita.

Nikadhani nimemaliza. Nikaita whoami_s(), ambayo ni ldapwhoami ya Python, ikanirudishia mstari mtupu. Kumbe cheti kilikuwa kimenifikisha mlangoni tu. Kuingia ni hatua ya pili, bind (kujitambulisha kwa seva) ya SASL, utaratibu wa uthibitisho, kwa mbinu ya EXTERNAL, ndiyo inayoiambia seva ichukue jina lako kutoka kwenye cheti. Nikaita sasl_external_bind_s(), nikauliza tena, DN yangu, yaani jina kamili ambalo seva inanitambua kwalo, ikatokea nzima. Nilisimama kitini. Kesho yake nilimwonyesha mkubwa. Hakusema kitu.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiridhike na muunganisho uliokubali. Iulize seva wewe ni nani, kila mara. Na upande wa seva utazame pia: mpangilio wa TLSVerifyClient wa OpenLDAP kwa kawaida huwa never, yaani haikuombi cheti kabisa, hata kodi yako iwe safi namna gani. Mnaoandika kwa .NET ya Microsoft, cheti mnakirudisha ndani ya kitendakazi cha QueryClientCertificate, na kiwe na ufunguo wake wa siri. Faili la .cer halina ufunguo huo, tumieni .pfx. Watu wanapuuza hili, wanakesha bure, halafu wanailaumu seva.

Wewe uliyeniandikia, anza na TLSVerifyClient. Kisha endesha ldapwhoami kwa -ZZ (kulazimisha StartTLS) -Y EXTERNAL badala ya -x (bind ya kawaida isiyo ya SASL), unitumie DN itakayojibu.