Hewa ya ukaa ofisini: je, ndiyo inayosinzisha watu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Ofisi moja hapa Dar es Salaam ina watu 12, madirisha yamefungwa, viyoyozi viwili vya ukutani vinawaka kutwa. Kufika saa tisa alasiri kipimo husoma ppm 1,900 (sehemu 1,900 katika milioni) za hewa ya ukaa na wengi wanasinzia. Naweza kuandika kwamba ndiyo inayowasinzisha?

Jibu: Marahaba. Bado. Namba hiyo inakuonyesha kwanza kwamba hewa safi haiingii vya kutosha. Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa ileile na kuirudisha. Pamoja na hewa ya ukaa hujikusanya joto la miili, unyevu, harufu na mvuke wa rangi na samani. Lolote kati ya hayo laweza kuchosha, sembuse wali wa mchana.

Kabla ya yote, hakikisha kipimo. Kiache nje kivulini dakika 20. Kinapaswa kusoma karibu na 420. Kisha sogeza pamba yenye spiriti. Namba ikiruka, umeuziwa kifaa kinachokisia hewa ya ukaa kutokana na mvuke, kitupe. Vile vya kweli, vya miale ya infraredi, vingi hujirekebisha vyenyewe vikidhani namba ya chini kabisa ya siku za karibuni ni hewa ya nje, hivyo chumba cha zamu za saa 24 huvidanganya. Kiweke kimo cha pua ya aliyeketi, mita 1.1, mbali na dirisha na pumzi za watu.

Namba ikitulia walau nusu saa, piga hesabu. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa. Watu 12 ni mita za ujazo 0.216. Gawa kwa tofauti ya ndani na nje, ppm 1,480 yaani 0.00148: unapata mita za ujazo 146 kwa saa, yaani lita 3.4 kwa sekunde kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani limependekeza lita 10.

Sasa jaribio. Usilinganishe dirisha wazi na dirisha lililofungwa: Dar, ukifungua umeongeza joto, vumbi na honi, na hutajua kipi kimefanya nini. Weka ukutani feni ya kutolea hewa nje, viyoyozi vibaki nyuzi 25, na uhakikishe hewa inayoingia haivutwi kutoka chooni wala kwenye jenereta. Kwa siku 20 za kazi, amua kwa kura siku 10 za kuiwasha feni hiyo. Siku nyingine washa feni ndogo ndani ili mlio ufanane. Mtu akijua hewa imeboreshwa, atajisikia vizuri kabla ya kupumua. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kila mmoja ajipe alama 1 hadi 9 za usingizi, kisha afanye jaribio la dakika 5 la wepesi wa kubonyeza simu pale ishara inapotokea. Siku tatu za mwanzo, kabla ya hizo 20, ziwe za mazoezi tu, usizihesabu, maana watu huzidi kuwa wepesi kwa kuzoea. Halafu mlinganishe kila mtu na yeye mwenyewe, si na jirani yake.