Je, Nihame Proton kwa Sababu ya Siasa za Mkuu Wake?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka minne nimekuwa nikilipia baruapepe ya Proton kwa kuwa sikutaka taarifa zangu ziwe mtaji wa wauza matangazo. Sasa nimesikia kwamba mkuu wa kampuni hiyo, Andy Yen, alikimwagia sifa chama cha Republican cha Marekani, nami nimekereka. Je, nihame? Na nikihama, nifanyeje ili nisipoteze barua zangu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, ulilolisikia ni kweli. Desemba 2024, Donald Trump alipomteua Gail Slater kuongoza kitengo cha kupambana na ukiritimba katika Wizara ya Sheria, Yen aliusifu uteuzi huo, akaongeza kwamba Republican ndio sasa wanaowatetea wanyonge mbele ya makampuni makubwa. Zogo lilizuka Januari 2025, likakolezwa na akaunti rasmi ya kampuni iliyoyaunga mkono maneno hayo kabla ya ujumbe wake kuondolewa. Kwangu mimi, hilo la pili ndilo kosa, kwa maana maoni ya Yen ni yake, lakini kampuni iliyojinadi kuwa haina upande haikupaswa kumsemea.

Hata hivyo, kufuli haikubadilika. Barua baina ya watumiaji wa Proton husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi ya siri, kwenye kifaa cha mtumaji na kufunguliwa kwenye kifaa cha mpokeaji, na kampuni haiwezi kuzisoma, ingawa kichwa cha barua, yaani mstari wa mada, hakimo katika ulinzi huo. Ukitaka sababu nzito zaidi ya kujihadhari, rejea mwaka 2021, ambapo mamlaka za Uswisi, yaliko makao ya Proton, kufuatia ombi la Ufaransa, ziliilazimisha Proton kukabidhi anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya mwanaharakati wa mazingira. Huko unakokwenda nako kuna sheria za aina hiyo.

Lakini pesa ni zako, na kukereka ni sababu tosha. Huduma za baruapepe za Tuta ya Hannover na Mailbox.org ya Berlin ni za kufikiriwa, ila Tuta haifunguki kupitia programu za kawaida za baruapepe, jambo linalowaudhi wengi. Kabla ya yote, pakua nakala ya barua zako na uihifadhi kwako. Kisha badilisha anwani benki, kazini na katika huduma za serikali, moja baada ya nyingine. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana ningekushauri usajili jina lako mwenyewe la kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, kwa mfano linaloishia na .co.ke, ili siku ukihama tena anwani isibadilike. Kama manenosiri yako yamo Proton Pass, yahamishe mapema. Akaunti ya zamani usiifunge kabla ya mwaka kupita: ishushe iwe ya bure, uwe unaiingia mara kwa mara, na upunguze barua zilizomo, maana nafasi yake ni ndogo.