Uliza Tukujibu: Kometi ni barafu, eksirei inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nimesikia eti kometi zinatoa eksirei, nikashangaa, si tunaambiwa kometi ni bonge la barafu na vumbi, na eksirei ni za vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii? Au ni mwanga wa jua unagonga barafu unarudi kama kwenye kioo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usijione mjinga, hata wanasayansi wenyewe walishtuka. Mwishoni mwa Machi 1996 setilaiti ya kupima eksirei iitwayo ROSAT ilielekezwa kwenye kometi Hyakutake, watu wametarajia kuona kidogo sana au wasione kitu, wakakuta eksirei kama mara 100 ya walivyopiga hesabu. Na hilo la kioo lilipimwa, halikutosha kabisa.

Moto upo ila sio wa kometi, umeletwa. Korona ya jua, yaani tabaka lake la nje kabisa, ina joto la zaidi ya digrii milioni 1, huko atomu zinagongwa mpaka oksijeni yenye elektroni 8 inabaki na 1 au 2, halafu upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, unaibeba kwa spidi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na upepo wenyewe ni mwembamba mno kwa hiyo ayoni hiyo (ndo jina la atomu iliyopoteza elektroni) inasafiri na njaa yake ya elektroni njia nzima. Ikifika kwenye mvuke unaoizunguka kometi inapita karibu na molekuli ya maji, inaipokonya elektroni moja. Sasa elektroni iliyoporwa haitui chini karibu na kiini cha atomu, inatua ghorofa ya juu yenye nishati kubwa, ile ya nne au ya tano hivi, ikishuka ndo inaachia eksirei. Mwanasayansi Thomas Cravens wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, ndo alilieleza hivyo 1997.

Maelezo mazuri, ila ushahidi je? Hapa ndo napapenda mimi. Livermore, California kuna mtambo unaitwa EBIT, wa tangu 1986: mshale wa elektroni mwembamba kama unywele unapita katikati ya sumaku kali, unazivua atomu elektroni zake na hapohapo unazinasa. Shida ni kwamba mshale ukiwaka nao unagonga ayoni na kutoa eksirei zake, utajuaje ipi ni ipi? Wakauzima! Mtego wa sumaku na umeme bado unazishikilia ayoni kwa muda, wanaachia gesi kidogo, kwa mfano kaboni dioksaidi, na eksirei zinazotoka hapo ni za uporaji tu. Kipimo chake kimepozwa karibu na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa, kama digrii -273), eksirei moja ikikigonga kinapata joto kidooogo, joto hilo ndo linasomwa.

2003 kundi la Peter Beiersdorfer likalinganisha vipimo hivyo na eksirei za kometi LINEAR ambazo darubini ya eksirei ya angani, Chandra, ilizinasa 2000, zikaendana.

Halafu usidhani ni mambo ya kometi tu. Haidrojeni ya pembezoni kabisa mwa hewa ya Dunia nayo inaporwa elektroni na upepo wa jua hivyohivyo, eksirei zinatoka, ndo maana wanaopima eksirei za magalaksi ya mbali inabidi kwanza watoe za hapa nyumbani kwenye hesabu zao.