Maswali na majibu: Wageni wangu wanagonga matumbawe, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwongozaji wa wazamiaji wa mitungi hapa Nungwi, na mara nyingi napeleka wageni kisiwa cha Mnemba. Kabla ya kuzama huwa nawaambia wasiguse matumbawe, lakini wakifika chini wanayagusa vilevile. Mapezi yao yanavunja matawi, wengine wanasimama juu yake kabisa. Nikiwakataza, bosi analalamika kwamba bakshishi itapungua. Wapo pia wanaotaka kuua viti vya pweza vyenye miba, wale wanaokula matumbawe, na kutoa nyavu zilizonasa. Tuwaruhusu?

JIBU: Marahaba. Maneno ya kwenye boti hayatoshi, na jambo hilo limeshapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika kisiwa cha St Lucia huko Karibi, uliwafuatilia wazamiaji chini ya maji. Takriban robo tatu yao waligusa matumbawe angalau mara moja katika mbizi moja. Sentensi moja ya onyo kabla ya kuzama haikubadilisha kitu. Kilichosaidia ni mwongozaji kumfuata mhusika kulekule chini na kumrekebisha. Wenye kamera walikuwa wasumbufu kuliko wasio nazo, jambo ambalo wewe nadhani huhitaji kuambiwa.

Lakini kabla ya kumrekebisha mtu, tazama risasi, yaani vizito vya kuzamia, alizofunga kiunoni. Naamini nusu ya tatizo lako iko hapo. Mgeni aliyefungwa risasi nyingi kupita kiasi hulazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi lake la kuelea ili asizame. Hewa ya jaketi humvuta kifua juu, risasi humvuta nyonga chini, naye huogelea kama aliyesimama huku mapezi yakipiga kilicho chini yake. Isitoshe, hewa hiyo haitulii. Ukitoka juu hadi mita 10, shinikizo huongezeka maradufu na ujazo wa hewa hubaki nusu. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo kila badiliko dogo la kina linavyomrusha juu au kumdondosha.

Kwa hiyo pima. Mgeni akiwa majini, atoe hewa yote kwenye jaketi, avute pumzi ya kawaida na aibane kidogo bila kupiga miguu. Maji yakimfika usawa wa macho, na akianza kuzama anapotoa pumzi, risasi zinatosha. Kumbuka mtungi wa alumini uliojaa hupungua zaidi ya kilo 2 hewa inapotumika, kwa hiyo ukipima mwanzoni ongeza kiasi hicho, la sivyo atashindwa kutulia kwenye kituo cha mita 5, pale mnaposimama kwa usalama kabla ya kupanda juu. Mabosi wengi huongeza risasi ili wageni washuke haraka. Wanaokoa dakika mbili na kuharibu mbizi nzima.

Ukishuka nao, anzia kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Waache watulie hapo, wazoee kupanda na kushuka kwa pumzi tu, geji na pumulio la akiba vikiwa vimebanwa kifuani visiburute. Anayeyumba mweke karibu yako, umbali wa mkono. Kuhusu bakshishi, mwambieni mgeni tangu kwenye boti: "Nikikugusa pezi, panda kidogo." Akishajua ishara hiyo haoni kwamba amekaripiwa, bali kwamba anafundishwa. Wengi hulipia mafunzo kama hayo.

Usidharau mchanga unaotimuliwa na mapezi. Tumbawe hujisafisha kwa kutoa ute, na ute huo hutumia nguvu ambayo lingekulia. Aina zenye matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1, mara nyingi chini ya hapo. Tumbawe la ukubwa wa meza ya kahawa linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu yako.

Viti vya pweza vyenye miba: hapana, wageni wasiviguse. Miba yake ina sumu, na kiti cha pweza aliyekatwa anaweza kupona na kuotesha mikono mipya. Ipo njia ya kuwadunga siki kwa sindano, lakini ifanywe na timu iliyofundishwa, kwa idhini ya wasimamizi wa hifadhi. Wachache ni sehemu ya kawaida ya bahari. Mkiona wengi mahali pamoja, toeni taarifa. Na wageni wasinunue makombe ya triton ufukweni, kwa sababu konokono huyo ni mmoja wa wachache wanaowala.

Taarifa ndiyo kazi ninayoitamani zaidi kutoka kwenu, maana mnaona maeneo yaleyale mwaka mzima. Zingatieni zaidi Machi hadi Mei, maji yanapokuwa ya moto; mwaka 1998 na 2016 joto hilo lilipausha matumbawe kwa wingi katika ukanda wetu. Si kila jeupe limepauka kwa joto, kwa hiyo sogea utazame. Lililopauka bado lina nyama, inang'aa kama kioo, na linaweza kupona. Lililoliwa na kiti cha pweza limebaki mfupa mtupu, na mpaka kati ya sehemu nyeupe na nzima unaonekana wazi. Andika tarehe, mahali, kina na joto la kwenye saa yako ya kuzamia, piga picha, kisha peleka kwa CORDIO East Africa, shirika la utafiti wa bahari kule Mombasa, wanaokusanya taarifa za kupauka za eneo letu, au kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja.

Nyavu nazo si kazi ya wageni wa likizo. Mtu hunasa yeye mwenyewe, na wavu ukivutwa kwa nguvu hung'oa tumbawe lililokwisha kuota juu yake. Unakatwa kipande kwa kipande, na watu wawili wenye uzoefu, kila mmoja na kisu chake. Uliozama ndani ya tumbawe unaachwa. Kabla ya hapo muulize mtu wa kamati ya wavuvi ya shehia. Pengine wavu una mwenyewe, naye anautafuta.