Kupima uga wa umeme kwa mwanga wa plazma ya hewa

Ndugu, umeuliza kama spektromita, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi, inaweza kukupa uga wa umeme ndani ya plazma ya hewa (hewa iliyojaa chembe zenye chaji) bila kuingiza kifaa chochote humo. Inaweza. Linganisha mwanga wa ioni ya nitrojeni kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 391.4 na ule wa molekuli yake isiyo na chaji kwenye 394.3. Wa kwanza unadai elektroni yenye nishati ya takriban elektronivolti 18.7, wa pili 11 tu. Uga ukipanda, uwiano wa mwanga wa kwanza kwa wa pili nao hupanda. Unachopata ni uga uliogawanywa kwa msongamano wa gesi, basi pima na joto la gesi ili ukadirie msongamano huo. Na tafadhali, usisahau hili: mkia wa mwanga wa 394.3 hujipenyeza na kuchanganyika na ule wa 391.4. Uutoe kwanza, la sivyo uga utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.