Vimeng'enya vya kuzuia oksidisho na glioblastoma

Pole sana dada kwa ugonjwa wa kaka. Umeuliza kama kupima vimeng'enya vya kuzuia oksidisho (protini za mwili zinazozima kemikali kali za oksijeni) kwenye damu kutaonyesha glioblastoma yake, yaani saratani kali ya ubongo, itaendaje. Kwa sasa hapana, msitumie hela huko.

Watafiti wanavifuatilia kweli. Kimojawapo, superoksidi dismutasi ya manganizi, kinachokaa ndani ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), mara nyingi huonekana kwa wingi zaidi kwenye uvimbe wa daraja la juu. Inaeleweka: mionzi huua seli kwa kiasi kikubwa kupitia kemikali kali za oksijeni, hivyo seli inayoweza kuzizima huwa sugu. Lakini hilo limeangaliwa zaidi kwenye nyama ya uvimbe wenyewe, na bado si kipimo cha kawaida hospitalini.

Badala yake, muulize daktari kuhusu jeni za uvimbe ziitwazo IDH na MGMT. Kwa mwongozo wa WHO wa 2021, uvimbe wa mtu mzima wenye mabadiliko ya jeni ya IDH hauitwi tena glioblastoma, na wagonjwa wake kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Jeni ya MGMT ikiwa imezimwa kwa methili (alama ya kikemikali inayobandikwa kwenye jeni), dawa ya saratani iitwayo temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi. Vyote hupimwa kwenye kile kipande cha uvimbe kilichotolewa kwa upasuaji, kilichohifadhiwa kwenye nta maabara. Ulizeni kama bado kipo.

Na tafadhali, asianze vidonge vya vitamini C au E vya dozi kubwa bila daktari wa mionzi kujua. Vinaweza kuzilinda hata seli za saratani dhidi ya mionzi.